Umefunga throto bodi mpya na sailensa imepanda? Tafuta hewa inapopita kabla hujagusa skrubu

Jumamosi moja mchana nilikuwa Unga Limited hapa Arusha, Carina Ti yangu boneti juu, throto bodi mpya ya dukani (ule mlango wa hewa wa injini) imeshafungwa inang'aa, fundi akapiga stata, injini ikawaka fasta alafu ikaanza kunguruma kama kuna mtu kakanyaga mafuta na kwenye pedali hakuna mguu. Mshale wa mzunguko wa injini (RPM, mizunguko kwa dakika) umekaa kwenye 1,900 na hautaki kushuka. Fundi, kijana mdogo tu, kaangalia sekunde mbili kashachukua bisibisi. "Mzee hii ndogo sana, tunaifinya hapa kwenye skrubu inatulia." Nikamwambia kijana wangu hiyo bisibisi weka chini kwanza.

Hako kaskrubu, kale kanakozuia throto isifunge kupita kiasi, ndo kameua throto bodi nyingi kuliko vumbi. Naandika huu mwongozo kwa sababu baada ya ile siku nimeshaulizwa hili swali na watu kama wanne hivi, mmoja wa Moshi kabadilisha gasketi ya manifoldi (yale mabomba yanayogawa hewa kwenye injini), mwingine kafunga vali ya sailensa ya Kichina, mwingine kaosha tu throto na spreyi, wote dalili ni ile ile, kabla ya kazi gari ilikuwa poa na baada ya kazi inanguruma.

Tuelewane kwanza sailensa naongelea nini, ni ule mzunguko wa injini gari ikiwa imewaka, imesimama na hujagusa pedali. Hizi Toyota zetu ndogondogo za petroli, injini ikishapata moto na AC imezimwa, inatakiwa icheze kati ya 650 na 800 hivi. Ukiwasha AC inapanda kidogo, sawa. Asubuhi ikiwa ya baridi kuanzia 1,200 mpaka 1,500 nayo ni haki yake, na mwezi wa sita na wa saba kwa baridi yetu ya hapa itakaa huko juu muda kidogo kabla ya kushuka, kwa hiyo usije ukapaniki saa kumi na mbili asubuhi ukampigia fundi simu. Tatizo ni pale injini imeshapata moto, feni ya rejeta imeshajiwasha na kuzima angalau mara moja, na bado mshale uko 1,200, 1,500, 2,000.

Na sio suala la kelele na mafuta tu. Kama ni otomatiki, ukiweka D inaruka mbele na kugonga, gia boksi inaumia, na kwenye foleni unakuwa unapigana na breki muda wote.

Hewa, hewa, hewa

Kitu ambacho ukikielewa hiki umemaliza nusu ya kazi: kwenye injini ya petroli ukikanyaga pedali humwagi petroli, unafungua hewa. Ndani ya throto bodi kuna kibati cha duara kinafunguka, hewa inaingia, kompyuta inapima hewa imeingia kiasi gani ndo inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani. Kwa hiyo injini inayozunguka kwa kasi bila mguu kwenye pedali kuna hewa inakula mahali. Na njia za hewa ni tatu tu: imepita kwenye kibati ambacho hakijafunga vizuri, au imepita kwenye vali ya sailensa (mafundi wengi wanaiita sensa ya sailensa, sio sensa ile, ni vali, ni kamlango kadogo kanakofunguliwa na kompyuta), au imeingia kwa wizi kwenye mpira uliochomoka, gasketi iliyokaa vibaya, tundu lisilozibwa. Zaidi ya hapo kuna uongo mmoja, yaani kompyuta yenyewe ndo imeamuru hewa iongezwe kwa sababu kuna sensa imeidanganya kwamba injini bado ya baridi au kwamba mguu uko kwenye pedali.

Njia tatu na uongo mmoja. Kila kitu huko chini ni kutafuta ni ipi kati ya hizo.

Alafu ujue gari yako inapima hewa kwa staili gani maana dalili zinatofautiana. Injini kama 5A-FE ya kwenye Carina yangu inapima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Hewa ya wizi ikiingia, sensa inaona mgandamizo umepanda, kompyuta inasema aah hewa imeongezeka, inaongeza petroli, injini inapanda vizuuuri wala haikohoi. Ndo maana mtu anaapa "haina liki kaka, mbona inawaka safi?" Kumbe ndo liki hiyo hiyo. Injini kama 1NZ-FE ya kwenye IST na Vitz inapima hewa pale karibu na eya klina, sasa hewa ikiingia kwa wizi baada ya ile sensa haijahesabiwa, petroli inakuwa pungufu, injini inatetemeka, inapanda na kushuka, na mara nyingi taa ya injini inawaka.

Kabla hujaanza

Handbreki, gia kwenye P au nyutro, gogo au jiwe kwenye tairi. Mikono ya shati kunja, mambo ya lemba na tai weka pembeni, feni inaweza kujiwasha yenyewe na mkanda unazunguka. Mfuniko wa rejeta usifungue injini ikiwa ya moto, najua unajua ila kuna watu wana makovu na wao walikuwa wanajua. Kama gari yako throto yake ni ya umeme, yaani haina kebo kutoka kwenye pedali, USIINGIZE KIDOLE pale kwenye kibati swichi ikiwa on, ile mota inafunga ghafla na ina nguvu.

Vifaa sio vingi. Bisibisi, spana namba 10 na 12, plaizi, tochi, kipande cha mpira wa maji kama futi tatu, chupa ya kupulizia maji, na mita ya umeme ile ya bei rahisi inatosha. Ukipata geji ya vakyumu, yaani ya kupima mvuto wa hewa, safi zaidi.

Anza kwa kupima na kuandika

Pasha injini moto mpaka feni iwake. Zima AC, taa, redio, kila kitu. Soma mshale, andika kwenye simu. Alafu angalia tabia yake, imetulia palepale juu kama mshale umegandishwa, au inapanda na kushuka kama inapumua, 1,000 mpaka 1,800, 1,000 mpaka 1,800?

Hizo ni habari mbili tofauti. Ile ya kupumua maana yake kompyuta inajua kabisa mguu haupo kwenye pedali, inaona mzunguko umezidi inakata petroli, injini inashuka, inarudisha petroli, inapanda tena. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni hewa ya wizi. Ile ya kutulia juu inaweza kuwa hewa pia ila inaweza kuwa kompyuta inadhani unakanyaga, kwa hiyo haioni sababu ya kukata kitu, hapo ndo unaiweka sensa ya throto kwenye orodha.

Ulichokigusa ndo mtuhumiwa

Gari ilikuwa nzima asubuhi, mchana inanguruma, na katikati kuna mikono ya binadamu. Usianze kuhisi plagi, usianze kuhisi pampu ya mafuta. Kaa chini uorodheshe kila kitu kilichofunguliwa: mipira mingapi ilichomolewa, soketi ngapi, kebo ililegezwa? maji yalimwagika? gasketi ni mpya au ile ya zamani imerudishwa na gundi?

Alafu chukua spea ya zamani na mpya uziweke pamoja juu ya boneti ya gari ya jirani (muombe kwanza). Ndo maana spea ya zamani haumwachii fundi, wala hauuzi skrepa siku hiyo hiyo. Kama mpya imeshafungwa piga picha kila upande ulinganishe na ya zamani mkononi. Hesabu matundu ya mipira. Angalia njia za hewa upande wa gasketi, kuna throto bodi ambazo chini zina mfereji wa hewa wa vali ya sailensa na gasketi ya dukani haina umbo lile, inaacha mfereji wazi. Pima mkono wa kebo umekaa pembe ile ile.

Hizi spea za kutengenezwa nje ya kiwanda cha gari sio kwamba zote ni mbovu, tusiwe wanafiki, wengi wetu tunaendeshea hizo hizo. Shida yao ni kwamba moja inatengenezwa ifiti kwenye injini tano zenye tofauti ndogondogo, kwa hiyo inakuja na vitu ambavyo gari yako haina kazi navyo. Shika hilo, linarudi.

Kebo

Kwa wenye kebo anzia hapa, ni dakika moja. Mtu asiguse pedali, shika kebo pale kwenye throto uichezeshe kwa kidole, inatakiwa iwe na ulegevu wa milimita chache. Kama imekakamaa kama waya wa gitaa basi inavuta kibati, hata unywele tu unatosha kupandisha mzunguko. Sukuma ule mkono wa throto kwa kidole kuelekea kufunga, RPM ikishuka umempata mwizi. Legeza nati mbili za kebo, rudisha ulegevu, kaza. Angalia pia kapeti la dereva halijabana pedali, cheka tu lakini ipo.

Mi hii hatua niliiruka. Nilimwona fundi anafunga kebo nikasema aah hiyo iko sawa. Utaona ilinigharimu nini.

Kipimo cha kuziba mdomo

Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote, hakihitaji mashine, na kinakugawia tatizo pande mbili palepale.

Kwa injini zinazopima mgandamizo wa manifoldi: zima gari, chomoa bomba la eya klina kwenye mdomo wa throto bodi. Washa. Chukua kipande cha ubao au mpira mnene mkubwa kuliko mdomo, sio kitambaa kitamezwa, na kiganja cha mkono nacho sikishauri maana mvuto wake ni mkali. Ziba mdomo wote kabisa.

Injini ikizima: hewa yote ilikuwa inapita mdomoni, kwa hiyo tatizo ni kibati au vali ya sailensa. Ikiendelea kuunguruma, hata kama imeshuka kidogo: kuna hewa inaingia kwingine, baada ya throto. Imeisha hiyo. Hakuna sababu ya kubishana na mtu.

Kwa wenye 1NZ na ndugu zake usichomoe bomba, ukichomoa sensa haihesabu hewa na gari itazima yenyewe alafu utadhani umepata jibu. Wewe ziba kule mwanzo kabisa, mdomo wa boksi la eya klina hewa inapoingilia.

Mimi nilipoziba, ile Carina iliendelea. Ilishuka ikafika kama 1,200 ikakaa. Kijana wa bisibisi akaniangalia, nikamwambia umeona, hapo skrubu ingesaidia nini?

Kuwinda hewa ya wizi

Hii ndo sehemu inayokula muda, usiwe na haraka. Tumia masikio kwanza. Ule mpira wa futi tatu, ncha moja weka sikioni nyingine ipitishe taratibu kuzunguka throto bodi, mkao wa gasketi, shingo za manifoldi, kila mpira wa vakyumu. Hewa ya wizi inalia ssssss na kupitia mpira utaisikia kama mtu anakunong'oneza. Ncha ya mpira iwe mbali na feni na mkanda.

Alafu bana mipira mmoja mmoja kwa plaizi, funga kitambaa kwenye meno ya plaizi usikate mpira. Ukibana mpira na RPM ikashuka kwa kishindo, huo mpira au kile kilichoko mwisho wake ndo kinavuja. Mpira mnene unaoenda kwenye busta ya breki ubane pia, busta ikivuja nayo inapandisha sailensa, na hapo sio kelele tu tena ni breki zako hizo. Ule wa vali ya PCV (inayotoa moshi wa ndani ya injini) nao, unatoka kwenye kava la vichwa. PCV ya dukani iliyokaa wazi muda wote ni tundu kubwa sana.

Kwa gasketi pulizia maji yenye sabuni kidogo kuzunguka mkao wake, maji yakizibia ufa kwa sekunde utasikia injini inabadilika. Usimwagie distibuta, koili wala soketi. Wengi wanatumia spreyi ya kabureta, inafanya kazi kweli, RPM inabadilika pale inapoingia, ila ile ni moto mtupu na ekzosi manifoldi ni ya moto sana, mi natumia maji.

Mwenye geji ya vakyumu aiunganishe kwenye mpira unaotoka moja kwa moja manifoldi. Vitabu vinasema injini nzima inasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari, kwa Dar au Tanga. Kila ukipanda kama mita 300 unatoa inchi moja. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, kwa hiyo hapa 12 mpaka 16 hivi ni afya kabisa, Moshi wako chini kidogo wataona kama inchi moja na nusu zaidi. Nimeshaona mtu anaambiwa ringi za pistoni zimekufa kwa sababu geji ilisoma 15. Ringi hazina kosa lolote, ni mlima.

Sasa kwangu. Nimepitisha mpira juu kote kimya, pembeni kimya, nikaushusha chini ya throto bodi upande wa ukuta wa nyuma ambako huoni bila tochi, ssssss kama nyoka. Nikapeleka kidole, kikavutwa. Kitundu chenye shingo ya chuma, unene wa kalamu ya Bic, kiko wazi hakina mpira wala kofia. Throto ya zamani haikuwa nacho kabisa! Ni ule mfereji wa injini nyingine, wameuacha kwa sababu throto moja wanaiuzia watu wa aina tano, na kofia ya kuuziba hawakuweka kwenye boksi. Nilipokandamiza kidole, mshale ukatoka 1,900 ukashuka 1,100 palepale. Fundi akasema "aiseee."

Tukakata kipande cha mpira wa vakyumu, ncha moja tukaingiza bolti fupi, tukafunga klipu. Usizibe kwa gamu au kwa plastiki ya kalamu, joto la injini litakulipa.

Ila 1,100 bado sio 750. Makosa yanapenda kutembea mawili mawili, ukipata moja usifunge boneti.

Kibati au vali?

Nikarudia kipimo cha kuziba mdomo. Safari hii ikazima. Kwa hiyo sasa hewa inapita mdomoni, ni kibati au vali ya sailensa. Kutofautisha: bomba likiwa limechomolewa, chungulia mdomoni kwa tochi, kabla ya kibati utaona katundu pembeni, hiyo ni njia ya vali ya sailensa. Gari ikiwa imewaka, kizibe kwa kidole (throto ya kebo tu hii, nimeshasema). RPM ikishuka sana, vali ndo inapitisha hewa. Isiposhuka au ikishuka kiduchu, ni kibati hakijafunga.

Yangu haikushuka. Nikasukuma ule mkono wa throto kwa kidole, tak, 800. Kebo! Mkono wa throto mpya umekaa mbele milimita mbili hivi kuliko wa zamani, kebo ikawa imekaza. Dakika moja niliyoiruka mwanzo imenila saa nzima.

Kama ni vali: zima gari uchomoe soketi, washa usikie tofauti. Ukichomoa na chochote kisibadilike ujue imeganda au haipati umeme. Fungua skrubu zake, safisha kwa spreyi mpaka kamlango kacheze kwa uhuru, angalia oringi au gasketi yake, ikiwa imekunjwa hewa inapita pembeni hata vali ikiwa imefunga. Kama vali ni ya dukani na ya zamani bado ipo, hamishia ya zamani kwenye throto mpya ujaribu. Nimeona hiyo peke yake ikimaliza ugonjwa.

Uongo mmoja

Hewa haina kosa, kila kitu kimefunga na bado iko juu? Sasa uliza kompyuta inaambiwa nini.

Sensa ya throto, ile nyeusi ubavuni yenye skrubu mbili. Mita ya umeme, swichi on injini imezimwa: waya mmoja una volti 5, mmoja ni athi, na wa ishara kibati kikiwa kimefunga unatakiwa usome kama 0.3 mpaka 0.8, ukifungua kwa mkono taratibu upande bila kuruka mpaka zaidi ya 3. Ikisoma 1.2 kibati kikiwa kimefunga, kompyuta inadhani unakanyaga. Kama matundu yake ya skrubu ni marefu, legeza, izungushe kidogo, kaza.

Sensa ya joto la maji. Throto nyingi zina maji yanayopita chini, kwa hiyo ukibadilisha throto maji yanamwagika na hewa inabaki ndani. Sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji inasema injini ya baridi, kompyuta inapandisha mzunguko kama asubuhi. Injini ikiwa ya baridi fungua rejeta, jaza, washa na hita ya ndani ikiwa kwenye moto kabisa, binyabinya mabomba, acha mapovu yaishe, jaza tena. Sensa yenyewe kwenye nyuzi 20 inasoma kama kiloomu 2 hadi 3, kwenye 80 inashuka 0.2 hadi 0.4. Na hapa niseme kitu kitakachonikosanisha na watu: huu ugonjwa wetu wa kung'oa thamostati "ili gari isichemshe". Injini haifiki joto lake, hasa huku kwetu kwenye baridi, kompyuta inakaa inapandisha sailensa na kumwaga petroli kama vile alfajiri haijaisha. Rudisha thamostati.

Kusoma kodi: Carina na wenzake wa enzi hizo wana kaboksi chini ya boneti kameandikwa DIAGNOSTIC, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kawaya kafupi, soma ramani mara mbili usije ukaunganisha kwingine, washa swichi bila kuwasha injini, taa ya injini itakonyeza. Nne kisha moja ni 41, throto sensa. Mbili na mbili ni 22, joto la maji. Tatu na moja ni 31, sensa ya hewa. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika hakuna kodi. Gari za karibuni unahitaji mashine, tafuta P0505 ya mfumo wa sailensa, P0507 ambayo ndo yenyewe kabisa ya sailensa kuzidi, na P0171 ya petroli kuwa pungufu kwa hewa.

Na kama ulichofunga ni distibuta wala sio throto, ruka yote haya kapime taimingi (muda wa cheche ya plagi) kwanza, hizi 5A zinawekwa nyuzi 10 ukiwa umeunganisha TE1 na E1.

Kuisahaulisha kompyuta

Throto ya zamani ilikuwa na uchafu, kompyuta ikazoea kufungua vali zaidi kufidia. Umeweka mpya safi, yenyewe bado inafungua kama zamani, sailensa inapanda. Hapa hakuna kilichoharibika. Chomoa tamino ya hasi ya betri dakika kumi na tano hivi (redio zenye namba za siri uwe nazo kwanza), rudisha, washa bila kugusa pedali, iache ipate moto ikae kama dakika kumi AC imezimwa, alafu dakika tano AC imewashwa. Kisha zunguka nayo, mi huwa naenda Tengeru na kurudi, siku moja mbili inatulia. Throto za umeme baadhi zina utaratibu wao wa swichi on na off, na nyingine lazima mashine. Hii fanya mwishoni baada ya kuziba hewa, ukiifanya kabla kompyuta itajifunza na kosa lako.

Na ile skrubu

Ile skrubu ya kituo cha kibati kiwandani wameiweka ili kibati kisije kikakwama ukutani, hawakuiweka kwa ajili ya sailensa. Kama kibati hakijaigusa, kuizungusha ni bure. Kama kimeigusa na ukailegeza, kibati kitakata mfereji kwenye ukuta wa throto na siku moja utakanyaga mafuta kitakwama. Ikiwa kuna mtu ameshaizungusha: legeza kebo, rudisha skrubu nyuma mpaka isiguse, kibati kifunge chenyewe, kisha ikaze taratibu mpaka iguse mkono tu, ongeza robo ya mzunguko au pungufu, hakikisha kibati hakinati ukifungua na kufunga kwa kidole. Baada ya hapo pima upya volti za sensa ya throto maana umeihamisha.

Kesho yake asubuhi, kabla hujaenda popote, washa gari ikiwa ya baridi kabisa. Ikianza na 1,300 hivi na kushuka yenyewe mpaka chini ya 800 kadiri inavyopata moto, weka D mguu kwenye breki, isiruke. Yangu ilitulia 750. Baada ya siku tatu nne rudi na spana namba 12 uguse bolti za throto kwa mshazari, gasketi mpya inakaa chini kidogo na bolti zinalegea, ila kaza kistaarabu, ile ni aluminiamu sio chesesi ya Fuso.